Kabla Hujalipia Cheti cha Sefti

Vijana wananiuliza sana siku hizi: nisomee nini ili niwe mtu wa sefti, yaani ofisa usalama kazini? Wengine wanakuja na orodha ya vyeti na bei zake tayari, wanachotaka ni niwachagulie kimoja. Swali linaeleweka. Ndani ya miaka michache tumejenga bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kule Rufiji, reli ya kisasa imetoka Dar es Salaam inaitafuta Mwanza, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linatoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Miradi ya ukubwa huo haiendeshwi bila maofisa usalama. Kijana aliyemaliza chuo akakaa nyumbani anaona kabisa kwamba hapa ajira ipo.

Ipo kweli. Mimi nawaambia hivi: usianze na cheti. Anza kwa kujiuliza kama uko tayari kufundishwa upya namna ya kumtazama mtu aliyeumia kazini. Fomu, mikutano ya asubuhi, vibao vya njano na rangi za helmeti utajifunza kwa wiki chache. Hili la kwanza ndilo gumu, na ndilo kazi yenyewe.

Nimetokea kwenye umeme. Nilisomea ufundi VETA, nikafanya wayaringi kwenye majengo ya ghorofa kabla ya kuhamia upande wa usalama. Najua saiti inavyoonekana ukiwa juu ya ngazi na waya mkononi, na najua ripoti ya ajali inavyoandikwa ofisini chini ya feni. Umbali kati ya hivyo viwili ni mkubwa. Katika ripoti nyingi nilizosoma, pale palipoandikwa "chanzo cha ajali" pamejazwa maneno yaleyale: uzembe wa mfanyakazi, hakuvaa vifaa kinga, hakufuata maelekezo. Mapendekezo nayo hayabadiliki: wafanyakazi wakumbushwe. Faili linafungwa, kibarua mwingine anaitwa kutoka getini, na mashine iko vilevile ilivyokuwa.

Chukua grenda, mashine ya mkononi ya kukatia na kusagia chuma. Nenda karakana yoyote ya kuchomelea, utaikuta ile ndogo ya inchi nne na nusu, na mara nyingi haina kava. Wakati wa mafunzo yangu, mwalimu wa vitendo, mzee aliyefanya kazi migodini Kanda ya Ziwa mpaka akastaafu, alitupeleka kwenye karakana ya namna hiyo, akatukataza kuandika chochote mpaka atakaposema. Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa anakata bomba la chuma. Kava haipo, na diski ni kubwa kuliko mashine yenyewe. Cheche zinamrukia mapajani. Mwenzetu mmoja akashindwa kujizuia: "Mzee, huyu si anajitafutia?"

Mzee hakumjibu. Alimsogelea yule kijana, akasubiri amalize kipande chake, wakasalimiana, ndipo akamuuliza, "Mwanangu, kava iko wapi?"

"Iko kwenye droo, mzee. Diski ya inchi saba haiingii ukiweka kava."

"Na ya saba unaitumia kwa nini?"

"Ya nne na nusu haifiki. Bomba ni pana, inabidi uligeuzegeuze, na diski inaisha upesi. Hapa tunalipwa kwa geti lililokamilika, mzee, siyo kwa siku. Diski za saba tunanunuliwa. Grenda ya saba hatuna."

"Bosi anajua mnavyofanya?"

"Yeye ndiye aliyetuonyesha."

Tulipotoka nje mzee alichukua boksi tupu, akaandika hesabu juu yake. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi saba imetengenezwa isizidi mara 8,500 hivi, na namba hiyo huchapishwa kwenye diski yenyewe. Ukiifunga kwenye mashine ndogo, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde wakati umetengenezwa kuhimili 80. Ikipasuka, vipande vinaondoka kwa mwendo huo huo, na kitu pekee ambacho kingevikamata kimelala kwenye droo.

Sasa andika ripoti. Ukiandika "fundi akumbushwe kuvaa miwani na kufunga kava", umeandika kitu ambacho hakiwezekani, maana kava haifungiki. Kinachotakiwa ni grenda ya saizi inayofaa au mashine ya kukatia ya mezani, na ujira usiomwadhibu mtu kwa kutumia dakika mbili za ziada. Mapendekezo hayo yanamhusu mwenye karakana. Kijana aliyechuchumaa hana uwezo wa kuyatekeleza hata akikumbushwa kila asubuhi.

Tabia ya kumaliza uchunguzi kwa mfanyakazi ina historia yake. Mwaka 1931 Mmarekani H. W. Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bima, alichapisha hesabu iliyosema asilimia 88 ya ajali za kazini husababishwa na matendo yasiyo salama ya watu. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima na bado inaonyeshwa kwenye slaidi za kozi hapa kwetu. Wanafunzi huwa hawaambiwi kwamba alizitegemea kumbukumbu za madai ya bima na za viwandani, ambazo kwa kiasi kikubwa ziliandikwa na wasimamizi. Msimamizi anayeulizwa nani amekosea ni nadra kujitaja. Mkufunzi anayekuonyesha ile 88 bila kukuambia ilikotoka anakufundisha kuwa karani wa lawama, na ada unamlipa wewe.

Kozi nzuri inakupa mpangilio mwingine wa mawazo. Ukikiona kihatarishi, swali la kwanza ni kama kinaweza kuondolewa kabisa. Kama hakiwezi, je, kuna kitu kisicho na madhara makubwa kinachoweza kuchukua nafasi yake? Baada ya hapo ndipo unafikiria kukizuia kwa kifaa, kama kava, uzio, feni ya kuvuta vumbi au maji ya kulilowanisha. Kisha taratibu na mafunzo. Mwisho kabisa, pale yote hayo yameshindwa kumaliza tatizo, ndipo inakuja helmeti, glavu, buti na hanesi, ile mikanda ya mwilini inayomshikilia mtu asianguke. Kwenye saiti nyingi mpangilio huu unaanzia mkiani na kuishia hapohapo. Mtu anapewa reflekta mpya, anapigwa picha, halafu anatumwa kushuka kwenye mtaro wa mita tatu ambao kuta zake hazijaegemezwa na chochote. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Reflekta itasaidia kuonyesha alipofukiwa.

Somo ambalo ningependa kila chuo kilipe siku nzima, na ikiwezekana mbili, ni la kuingia sehemu zilizofungika: tanki la maji la chini ya ardhi, chemba ya maji taka, kisima, tanki la mafuta lililooshwa. Habari zake hazitofautiani sana, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu. Mmoja anashuka, anaanguka. Mwenzake aliye juu anamwona, anashuka kumtoa, naye anaanguka. Wa tatu huwa ni ndugu au rafiki. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika mazingira haya ni waliokwenda kuokoa. Watu hawa hawafi kwa kukosa akili. Wanakufa kwa sababu wana huruma na hakuna aliyewaeleza kinachotokea mle ndani.

Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5, hakuna anayeingia. Chuma kinachopata kutu ndani ya tanki lililofungwa kinakula oksijeni. Uchafu unaooza unatoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, na hapa ndipo wengi wanapotegwa: ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imesafika. Ukishusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji, umejaza kisima hicho kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu tangu mwanzo.

Kwa hiyo unapima, na kupima kuna utaratibu. Oksijeni kwanza, kwa sababu kipimo cha gesi zinazowaka kinahitaji oksijeni ya kutosha ili kisome sawasawa. Kisha gesi zinazowaka, kisha zenye sumu. Unashusha mpira wa kipimo juu, katikati na chini, maana methani hupanda na haidrojeni salfaidi hutuama. Unaendelea kupima muda wote mtu yumo ndani. Na juu anabaki mlinzi ambaye kazi yake ni moja tu: kutokushuka.

Kwenye zoezi mimi nilikuwa mlinzi. Tulisimamisha miguu mitatu ya chuma juu ya mdomo wa tanki, winchi ikafungwa, na ndani tukaweka mfuko wa mchanga uliovalishwa ovaroli na hanesi. Mkufunzi akapiga kelele, "Ameanguka!" Nilijua ule ni mchanga. Hata hivyo mwili wote ulitaka kuinama na kuingia, na mguu wa kulia ulikuwa umeshasogea ukingoni. Kuzungusha mkono wa winchi taratibu huku macho yanaona ovaroli imelala chini ni jambo ambalo huwezi kulisoma kwenye kitabu likakuingia. Lazima mikono ilijue kabla ya siku yenyewe. Chuo kinachokufundisha hili kwa slaidi, bila tanki, bila kamba na bila kipimo, hakijakufundisha.

Upande wa afya ndio unaonyimwa muda kuliko yote, ingawa neno hilo limo kwenye jina la kozi. Shirika la Kazi Duniani, ILO, linakadiria kwamba watu karibu milioni 2.93 hufa kila mwaka kutokana na kazi. Kati yao, takribani milioni 2.6 huuawa na magonjwa, na kama 330,000 na ajali. Maana yake, anayeanguka kutoka kwenye jukwaa tunamwona, anaandikwa, anazikwa tukiwepo. Anayepumua vumbi la silika miaka 15 akikata vigae au akiponda kokoto anakufa kijijini kwao, na jirani wanasema alikuwa na kifua.

Silika imo kwenye mchanga, zege, matofali, graniti na vigae. Chembe zinazodhuru ni ndogo kiasi kwamba huzioni hewani, na kitambaa ulichojifunga puani hakizizuii. Zinakwenda chini kabisa ya mapafu, zinaacha makovu, na makovu hayo hayaponi. Mwenye silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hili, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na ndiyo maana magonjwa haya mawili yametembea pamoja migodini kusini mwa Afrika kwa zaidi ya karne. Kinachopunguza vumbi ni maji. Chupa yenye tundu kwenye kifuniko, ikidondosha maji pale diski inapogusa kigae, inafanya kazi kubwa kuliko katoni nzima ya barakoa za bei rahisi. Naandika hili kwa herufi ndogo, lakini laiti ningeweza ningelipaka kwenye kila ukuta unaowekwa vigae leo.

Kelele nayo ni hivyohivyo. Kikomo kinachotumika sehemu nyingi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kwa kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi, kila ikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Ikifika 100, unabakiwa na robo saa. Grenda inayokata chuma iko maeneo hayo. Fundi akishazoea kelele, ujue masikio yameanza kwenda.

Turudi kwenye swali la vyeti, maana najua ndilo lililowaleta wengi. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyofuta sheria ya viwanda ya tangu enzi za mkoloni. Inasimamiwa na wakala tunaouita OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. OSHA yenyewe inatoa mafunzo: ya wawakilishi wa usalama na afya, ya huduma ya kwanza, na kozi ndefu zaidi ya kitaifa kwa wanaotaka kuifanya kuwa taaluma. Anzia huko. Sheria utakayoisimamia ni ya hapa, na mkaguzi atakayegonga geti anatoka huko. Kwa ndugu zetu wa Kenya, sheria yao ni ya mwaka 2007, na inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama na afya, na mahali pa kazi pakaguliwe kila mwaka na mshauri anayetambulika. Ukaguzi huo umewapa vijana wengi wa kule kazi ya kwanza.

NEBOSH, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979, cheti chake cha kimataifa kinaheshimika kwenye mafuta, gesi na migodi, na ukitafuta kazi nchi za Ghuba utaulizwa mapema kama unacho. Ni kizuri. Kinakufundisha kufikiri na kuandika tathmini ya vihatarishi kwa mpangilio. Lakini ada yake ni kubwa kwa mtu asiye na kipato, na ukikichukua hujawahi kukanyaga saiti, utakuwa unajibu maswali kuhusu jukwaa ambalo hujawahi kulipanda. Kama unaweza kuchagua mpangilio, jifunze kazi fulani kwanza: umeme, ujenzi, uchomeleaji, maabara, uuguzi. Fundi akijua kwamba unajua anachofanya, atakuonyesha mwenyewe pale anapoogopa. Na kama umeshaajiriwa mahali, omba uteuliwe kuwa mwakilishi wa usalama. Utapata mafunzo kwa gharama ya mwajiri, na utajua mapema kama kazi hii unaipenda.

Kuna pia vyeti vinavyouzwa: siku mbili hotelini, picha ya pasipoti, muhuri wa dhahabu. Usivinunue hata ukibembelezwa.

Jambo ambalo vyuo vingi havilifundishi kabisa ni kuongea. Kozi, mitihani na miongozo mingi iko kwa Kiingereza, lakini saa moja na nusu asubuhi utasimama mbele ya vibarua 40 ambao wameamka saa kumi kutoka Chanika na Mbagala, na una dakika kumi. Ukiwasomea karatasi, umewapoteza. Waulize kazi ya leo iko wapi na jana palitokea nini kilichowashtua, halafu nyamaza. Saidia fundi aliye nyuma kabisa ndiye aliyeona mrunda ukiyumba. Akina dada wanaobeba maji na zege nao wana habari ambazo hazimo kwenye fomu yoyote: hanesi zote ni saizi ya wanaume, na saiti haina choo chao, kwa hiyo hawanywi maji mchana kutwa juani. Hicho ni kihatarishi cha afya kama vingine, na ukikiandika kwenye tathmini yako utakuwa umeanza kufanya kazi.

Mtu akishaumia, kazi yako haijaisha. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango unatoka kwa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi. Vibarua wengi hawajui kama wanahusika. Jifunze kujaza taarifa ya ajali ya kupeleka huko vizuri na kwa wakati, kwa sababu familia ya mtu inasubiri upande wa pili.

Mwaka 2022, mwezi wa Juni, mkutano wa ILO mjini Geneva uliyaweka mazingira salama na yenye afya kazini katika kundi la haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na uhuru wa kujiunga na vyama na marufuku ya kazi ya kulazimishwa. Hiyo inakupa mgongo wa kuegemea unapoongea na mkubwa wako. Mgongo wa karibu zaidi ni mkataba wako. Ukiitwa kwenye usaili, uliza unaripoti kwa nani na kama una mamlaka ya kusimamisha kazi. Ofisa usalama anayeripoti kwa meneja anayepimwa kwa tarehe ya kumaliza mradi ana wakati mgumu kila siku. Omba mamlaka hayo yaandikwe, kwa sentensi moja inayosomeka. Wakikuambia hilo halina haja ya kuandikwa, waombe tena, na waulize mara ya mwisho kazi iliposimamishwa hapo kwa sababu za usalama ilikuwa lini na nani aliisimamisha.